Fundi Hasubiri Saa Tatu

Ninauza vifaa vya ujenzi Chanika, pembezoni mwa Dar es Salaam, ambako kila mtaa una nyumba iliyofika kwenye lenta ikingoja hela ya bati. Vijana wanaotaka kufungua duka kama langu huniuliza habari za mtaji na wapi pa kuchukulia nondo. Mimi huwauliza kwanza: utafungua saa ngapi?

Wengi hujibu saa tatu. Fundi wa huku anaanza kazi saa moja, kabla jua halijawa kali. Saa kumi na mbili na nusu anapita dukani akitaka misumari ya inchi nne, waya wa kufungia na mfuko mmoja wa saruji wa kuanzia. Akikuta kufuli anasonga mbele, na akishazoeana na muuzaji wa huko, siku ya kupaua atamwambia mwenye nyumba bati wakachukue kulekule. Misumari uliyokosa kuuza ni hela ndogo. Bati ndizo zinazouma.

Mwenye nyumba naye ana saa zake. Ni mwajiriwa, akitoka kazini, foleni inamfikisha huku giza limeshaingia. Basi anakuja saiti Jumamosi na Jumapili, anakagua, anagombana kidogo na fundi, kisha anatoa hela. Ukifunga Jumapili nzima unamkosa mtu mwenye hela. Kama unasali, nenda kasali, ukirudi fungua.

Wewe labda unauza madaftari au nguo, na saa zako hazitafanana na zangu. Pitia ujumbe wa malipo ya lipa namba kwenye simu yako, kila mmoja una saa yake, uone wateja wanajaa lini. Ila hapo utawaona waliokukuta tu. Waliokuja wakakukosa anawajua mama anayekaanga vitumbua mbele ya duka lako tangu alfajiri. Muulize, tena kwa heshima, atakuambia hata walikuwa wanataka nini.

Sikushauri ukeshe. Mwaka 2025 serikali ilizindua biashara ya saa 24 Kariakoo, na kule ina maana yake, kwa sababu soko lile linahudumia wafanyabiashara kutoka Zambia, Malawi na Kongo. Huku kwetu saa nne usiku hakuna anayetafuta saruji.

Na usimchoshe kijana wako wa duka. Sheria ya kazi Tanzania inaweka kikomo cha saa 9 za kawaida kwa siku na 45 kwa wiki. Kutoka alfajiri hadi saa mbili usiku ni zaidi ya hapo, kwa hiyo weka wawili wapokezane. Unaweza pia kufunga saa saba hadi saa tisa mchana, wakati mafundi wako saiti na barabara imepoa. Muda huo ndio wa kufuata mzigo.

Ukishachagua saa zako, ziandike mlangoni kwa rangi pamoja na namba ya simu, na uzishike. Fundi akikupigia usiku kuomba mifuko mitano ya saruji, itoe stoo, iweke karibu na mlango, na mwambie dereva wa bajaji awe amefika saa kumi na mbili.