Fidla Inayolia

SWALI: Shikamoo Mzee. Kuna kijana hapa stendi ya basi anayepiga kwenye simu yake muziki wa Wayahudi wa Ulaya, wa lugha ya Kiyidi. Fidla inalia kama mfiwa, lakini chini yake kuna gitaa la umeme. Huo ni wa jadi au wa leo? Na Abayudaya wetu, Wayahudi wa huku Uganda, huuimba? — Msomaji, Mbale

JIBU: Marahaba. Nianze na la mwisho. Abayudaya, tangu wakati wa mwanzilishi wao Semei Kakungulu mwaka 1919, si watu wa Kiyidi. Zaburi huziimba kwa Kiebrania na Luganda, kwa mahadhi ya kwetu. Kiyidi ni lugha ya Wayahudi wa Ulaya Mashariki: kiunzi cha Kijerumani, maneno mengi ya Kiebrania na ya Kislavi, herufi za Kiebrania. Hata Kiswahili, chenye kiunzi cha Kibantu, kiliandikwa karne nyingi kwa herufi za Kiarabu.

Sasa kile kilio. Wenyewe hukiita krekhts. Nimepiga endingidi, fidla yetu ya uzi mmoja, kwenye kwanjula, sherehe za kutambulisha wachumba, miaka mingi, na siku niliyokisikia nilishika upinde nikakitafuta. Unagusa uzi, unapandisha sauti kidogo, halafu unaikata kabla haijaisha, kama mtu aliyebanwa na kwikwi. Vidole vyangu vilichukua wiki mbili kukipata. Ni kilio cha waimbishaji wa sala sinagogini, kikahamia kwenye fidla za harusi. Wapigaji waliitwa klezmorim. Huko bibi harusi alilizwa kwanza kwa mashairi, ndipo watu wakacheza!

Kisha wafuasi wa Hitler wakaua Wayahudi milioni 6, wengi wao wasemaji wa Kiyidi. Wapigaji walikufa na harusi zao, na kila nikilifikiria huweka upinde chini. Nyimbo nyingine zilikuwa zimeshavuka bahari: Naftule Brandwein alirekodi klarineti yake New York miaka ya 1920. Miaka ya 1970 vijana wa Marekani walizisaka santuri hizo kuukuu, wengine wakamwendea mzee Dave Tarras, mpiga klarineti wa zamani, awafundishe. Mwaka 1986 huko New York likazaliwa kundi la The Klezmatics, wakatia jazi na roki, na mwaka 2007 wakapata tuzo ya Grammy. Gitaa lako linatokea huko. Mimi nalipenda, maana halikukifunika kilio.

Mwombe kijana huyo akupigie nigun, wimbo usio na maneno, lai-lai-lai mwanzo hadi mwisho. Ndio ninaouimba nikikaza uzi wa endingidi.