Moyo umechomwa, lini narudi kwenye mbuzi ya nazi?

SWALI: Shikamoo Mama Nesi. Nina miaka 47, mama wa watoto watatu, naishi Tanga mjini na nauza vitumbua na mkate wa kumimina. Miaka minne moyo wangu ulikuwa ukipiga ovyo, mara mbio mara polepole, dawa zikashindwa. Ukoo ukachanga, nikaenda Chennai, India, nikachomwa moyo kwa mrija uliopitishwa kinenani upande wa kulia. Leo ni siku ya 17. Damu ilivilia kinenani, weusi ukashuka hadi karibu na goti, sasa umegeuka kijani. Juzi usiku moyo uliruka tena kama dakika 20. Nililia, nikaona hela ya watu imekwenda bure.

Nilipewa rivaroxaban ya 20 mg, dawa ya kuzuia damu kuganda, naimeza alfajiri na chai ya rangi, nakula baadaye nikishamaliza kuuza. Nilipewa na omeprazole, lakini sina vidonda vya tumbo kwa hiyo nimeiacha. Mama mkwe anasema moyo ukishatengenezwa dawa za nini tena, na kweli ni ghali, nafikiria kumeza siku moja na kuruka siku moja. Lini nitakuna nazi na kubeba ndoo ya maji? Nina deni la saumu siku saba. Na mume wangu amenituma niulize jambo lake pia.
Mama Vitumbua, Tanga

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole sana. Umeniuliza nazi na ndoo, lakini kilichonishtua mimi ni chai ya rangi.

Rivaroxaban ya 20 mg humezwa na chakula, tena chakula cha kushiba. Ukiimeza tumbo tupu, karibu theluthi moja ya dawa haiingii mwilini. Kwa hiyo siku zote hizi umelipa bei ya kidonge kizima ukapata kinga ya pungufu. Kesho usimeze mpaka umekula. Vitumbua unavyo, maharage ya nazi hayakosekani Tanga, kula vizuri ndipo umeze, na saa iwe hiyohiyo kila siku. Usimeze viwili kufidia.

Kuruka siku, hapana. Dawa hii haikai mwilini kama rangi kwenye kitambaa. Ikipita siku moja imekwisha, na siku unayoruka unatembea bila kinga. Mama mkwe wako naelewa anakotoka, maana hata wauguzi wenzangu niliwahi kuwasikia wakisema hivyo. Lakini hebu fikiria walichofanya kule. Madaktari wa Bordeaux, Ufaransa, walionyesha mwaka 1998 kwamba cheche nyingi zinazovuruga mapigo ya aina yako hutoka kwenye vena, yaani mishipa inayoleta damu kutoka mapafuni. Kwa hiyo daktari huzungushia midomo ya vena hizo makovu ya kuchoma, kama mtu anayezungushia shamba ua, cheche zisipite. Makovu hayo kwanza ni vidonda vibichi ndani ya chumba cha juu cha kushoto cha moyo, na damu hupenda kuganda juu ya kidonda. Bonge likichomoka hapo njia yake ni fupi hadi kichwani, na hicho ndicho kiharusi. Ndiyo maana angalau miezi miwili ya mwanzo ni lazima umeze kila siku, hata moyo upige kama saa ya ukutani. Baada ya hapo daktari ataamua kwa kuangalia umri wako, presha, sukari na historia yako, wala siyo kwa sababu moyo umetulia tu.

Kama bei imekushinda, sema. Siyo aibu. Nenda kwa daktari kabla kidonge cha mwisho hakijaisha, mwombe akuhamishie warfarin, dawa nyingine ya kuzuia damu kuganda. Bei yake ni nafuu zaidi, ila utapimwa damu mara kwa mara, kipimo cha kasi ya damu kuganda kinachoitwa INR, na kwa kawaida hutakiwa kiwe kati ya 2 na 3. Kwenye warfarin, mchicha, kisamvu na matembele huruhusiwa, mradi usile sufuria zima wiki hii halafu wiki ijayo usiguse. Kuhama afanye daktari, usijihamishe mwenyewe.

Omeprazole irudishe leo, uimalize kwa muda ulioandikwa kwenye karatasi yako. Hukupewa kwa ajili ya vidonda vya tumbo. Umio, ile njia ya chakula, unapita nyuma kabisa ya chumba walichokichoma, vimepakana kama nyumba mbili zenye ukuta mmoja. Joto linaweza kuuchubua. Dawa inapunguza asidi ili mchubuko upone.

Hapo nina neno ambalo nataka na mumeo alisome. Kuanzia wiki ya kwanza hadi kama miezi miwili, ukipata homa, au maumivu ya kumeza, au kifua kinachouma upya, au ukatapika damu, au mkono na mdomo vikalegea, usiishie zahanati. Mara chache sana mchubuko ule hutoboka, na ukitoboka unaua. Kwetu homa ni malaria mpaka ithibitishwe vingine. Utachomwa sindano, utarudishwa nyumbani, na muda utakuwa umepita. Nenda hospitali kubwa na sentensi ya kwanza kinywani mwako iwe: “Nilichomwa moyo India tarehe fulani.” Karatasi ya Chennai itoe kopi, moja ikae kwenye pochi, nyingine kwa mumeo. Na mgongo ukiuma, kataa diclofenac, ya sindano na ya vidonge. Pamoja na dawa yako inaweza kukutoa damu tumboni. Meza paracetamol.

Sasa zile dakika 20 za usiku. Hela ya ukoo haijapotea. Moyo uliochomwa huvimba kidogo, huwashwa, huruka, na makovu huchukua wiki nyingi kukomaa. Madaktari kwa kawaida hawahesabu mafanikio wala kushindwa mpaka miezi miwili mitatu ipite. Chukua daftari la shule, andika tarehe, saa, ulikuwa unafanya nini na ilichukua dakika ngapi. Weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono uhesabu mapigo dakika nzima, siyo nusu ukazidisha, maana yakiwa hayana mpangilio nusu inadanganya. Usishtuke ukikuta ukiwa umepumzika yamepanda 10 au 15 kuliko zamani. Hilo ni la kawaida baada ya kazi ile na huweza kudumu miezi. Lakini yakienda mbio kwa saa nzima na zaidi hata umelala, au ukizimia, au pumzi ikibana, hospitali siku hiyohiyo ukapigwe ECG, kipimo cha umeme wa moyo.

Kinena nakijua kwa mwili wangu. Mwaka 2016, nikiwa bado kazini, nilichomwa moyo kwa tatizo jingine, njia ya ziada ya umeme, iliyokwisha bila hata dawa. Siku ya nne, mimi niliyefundisha wagonjwa wasichuchumae, nikakaa kwenye kigoda kufua sare za wajukuu. Nikasikia uvuguvugu unashuka pajani. Nililala hapohapo sakafuni jikoni, nikabana tundu kwa vidole vyote kwa nguvu, mjukuu wa miaka tisa akawa ananihesabia dakika kwenye saa ya ukutani. Nilimkataza kusema “tayari” kabla ya kumi. Damu ilikata. Isingekata, ningepelekwa hospitali nimelala na mtu anabana, siyo nimekaa upande kwenye bodaboda.

Weusi wako kushuka gotini na kuwa kijani ni damu ya zamani inayoteremka na kufyonzwa, dawa yako huifanya itapakae zaidi. Ninachoogopa ni uvimbe unaokua au unaodunda kama mapigo, mguu kuwa wa baridi na kupauka, au shavu la mguu kuvimba na kuuma. Mwambie dada yako akushike kinenani aone. Kama ni laini na hakuna uvimbe zaidi ya kapunje kadogo, wiki mbili ulizomaliza zinatosha kuanza. Usianze na ndoo ya lita 20, hiyo ni kilo 20. Anza na ya lita 5, wiki ijayo 10. Mbuzi ya nazi ndiyo ya mwisho, kwa sababu unaikalia chini, mapaja wazi, na kiuno kinasukuma. Siku hizi sokoni wanakuna kwa mashine, walipe kwanza wiki mbili hivi. Choo cha kuchuchumaa shuka polepole umeshika ukuta. Sala, ukihisi kinena kinavuta kwenye sijda, kaa kwenye kiti.

Saumu isubiri mpaka daktari akuone. Akikuruhusu, kula daku ya kushiba umeze dawa hapo, saa zenyewe hazitakuwa mbali na ulizozoea. Kwa ufuatiliaji, kama hospitali ya mkoa haina daktari wa moyo, omba rufaa Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Dar es Salaam.

Mumeo mwambie kama unapanda ngazi bila kuhema na kinena hakiumi, ruhusa ipo, ila uzito wake asiuweke upande wa kulia. Na barua ijayo aandike mwenyewe.