Fairport Convention ya uzeeni: ununue au uache?

Ndugu yangu, umeuliza kama shabiki wa albamu ya Liege & Lief ya 1969 atafurahia 50:50@50, albamu ya 2017 ya Fairport Convention, bendi ya Uingereza inayochanganya muziki wa kiasili na roki. Nunua, ila usimtafute Sandy Denny humo, yule mwimbaji wao wa kike wa 1969, alifariki 1978. Utamsikia Simon Nicol, mmoja wa walioianzisha bendi London mwaka 1967, sauti imeshakuwa nzito kama ya babu anayesimulia, na fidla ya Ric Sanders ikimzungukazunguka. Nusu ya nyimbo ni za studio, nusu za jukwaani. Anza na ule wa injili anaoimba Robert Plant (ndiyo, yule wa Led Zeppelin!), halafu umsikilize Jacqui McShee, mwimbaji mwingine mwalikwa. Ukiona zile za studio zimepoa mno, rudia siku nyingine, usiku, bila simu mkononi.