Chakula cha keto cha kubeba safarini bila jokofu

Ndugu, kwa kuwa unafuata mlo wa keto, yaani wa wanga kidogo sana na mafuta mengi, na safari yako ya treni kutoka Dar es Salaam hadi Kigoma ni ndefu na hutakuwa na jokofu, ningeanza na dagaa wakavu waliokaangwa bila unga, kwa sababu karibu hawana wanga kabisa, hukaa siku kadhaa wakifungwa vizuri, na chumvi yake husaidia mwili unaopoteza maji mengi katika mlo huu. (Abiria wa jirani watavumilia harufu.) Samaki wa kopo chagua waliohifadhiwa katika mafuta, kwani mchuzi wa nyanya mara nyingi huongezwa sukari. Korosho ndizo huwaponza wengi: gramu 100 zina takriban gramu 30 za wanga, ilhali karanga zina kama 16, ambazo karibu nusu yake ni nyuzinyuzi. Vipande vya nazi kavu na maparachichi mabichi yatakayoiva njiani pia vinafaa. Mayai ya kuchemsha uyale mapema siku ya kwanza, maana joto huyaharibu upesi. Ikiwa unatumia insulini, zungumza kwanza na daktari wako kuhusu dozi.