Swali la lugha: "Naomba kuwakilisha"?

Msomaji wa Morogoro anauliza: "Kwenye kikao cha kikoba chetu katibu alisoma taarifa ya fedha, akamalizia, 'Mwenyekiti, naomba kuwakilisha.' Baadhi yetu tuliguna. Je, alikosea?"

Alikosea. Taarifa huwasilishwa. *Wasilisha* imetoka kwenye *wasili*, yaani kukifanya kitu kifike, na taarifa hufika mezani kwa wajumbe. *Wakilisha* ina *wakili* ndani yake: mtu anashika nafasi ya mwingine. Katibu angesema, "Namwakilisha mweka hazina, anaumwa, naomba kuwasilisha taarifa yake," asingeguna mtu. Tofauti ni silabi moja tu, ndiyo maana hata mitandaoni watu hufunga hoja zao kwa "nawakilisha", nami hubaki najiuliza wanamwakilisha nani.

Lakini *wakilisha* yenyewe ina mtego mkubwa kuliko huo. Tumezoea kwamba anayewakilisha ndiye aliyetumwa. Zanzibar, mbali na mbunge wa Bunge la Muungano, jimbo huchagua mwakilishi wa kuingia Baraza la Wawakilishi, lililoanza mwaka 1980. Huyo anawasemea waliomchagua. Sasa nenda kwenye nikahi. Baba wa bibi harusi anamwambia shehe, "Nimekuwakilisha umuozeshe binti yangu." Hapo baba hamsemei shehe hata kidogo. Anampa uwakili. Kile kiambishi *-ish-* kinafanya kazi yake ya asili: kumfanya mtu awe wakili. Basi "Baba amemwakilisha shehe" inaweza kuwa baba kaenda badala ya shehe, au shehe kaachiwa kazi ya baba. Penye ndoa hakuna anayebabaika, ila kwenye maandishi ya kisheria mimi ningeandika "amempa uwakala" nikalala usingizi.

Kwa vitu, tunasema rangi nyeusi ya bendera ya Kenya inawakilisha wananchi na ya kijani ardhi. Si kosa, ingawa "inaashiria" hunikalia vizuri zaidi, kwa kuwa rangi haitumwi. Kwenye hesabu, *x* iwakilishe idadi ya maembe, sina ugomvi.

Vijana nao wana yao. "Nawakilisha Temeke!" anapaza sauti msanii jukwaani. Temeke haijamtuma. Anajivunia kwao tu, na akiimba vizuri ataambiwa, "Leo umewakilisha!", bila kutajwa amemwakilisha nani.