Kabla ya mashine, ulizia fomalini

Wengi mnaoajiriwa kwenye mipango ya kuwafikishia wagonjwa dawa lengwa za saratani (zinazoshambulia sehemu maalumu ya seli ya saratani) mnafika mkiulizia mashine ya kusoma vinasaba. Mimi ningewapeleka kwanza chumba cha upasuaji, mkaone titi lililokatwa linatumbukizwa kwenye nini.

Mara nyingi ni kopo dogo. Titi limeshindiliwa zima zima bila kuchanjwa, na fomalini, dawa ya kuhifadhi nyama isioze kabla ya kupimwa, imelifunika nusu tu. Dawa hiyo hupenya polepole, kwa hiyo nje nyama inaonekana safi huku katikati ikianza kuharibika. Kwa saratani ya matiti, miongozo inataka nyama iingie ndani ya saa 1 kwenye fomalini ya asilimia 10 yenye bafa (kemikali ya kuizuia isiwe asidi), ikae humo kati ya saa 6 na 72. Saa iliyotolewa na saa iliyotumbukizwa ziandikwe kwenye fomu ileile. Ijumaa ndiyo ya kuchunga, maana kopo la mchana huo likisahauliwa hadi Jumanne, muda umeshapita. Na kipande cha mfupa kisilainishwe kwa asidi kali kama kitapimwa vinasaba. Inapendwa kwa sababu ni ya haraka, lakini inavisambaratisha.

Uzembe hapo unaweza kuleta jibu hasi la uongo la HER2, protini ambayo ikizidi huchochea baadhi ya saratani za matiti, na mgonjwa akanyimwa trastuzumab, dawa inayoilenga protini hiyo, iliyo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu 2015. Hatalalamika, atajuaje?

Halafu, kipimo na dawa vipangiwe bajeti moja. Ripoti ya mamia ya jeni ambayo dawa zake hazipatikani ni karatasi ghali. Anzeni na kipimo cha vipokezi vya estrojeni, sehemu za seli zinazopokea homoni hiyo: tamoxifen, dawa inayoviziba, ni ya zamani, bei yake nafuu, na wanaofaidika nayo ni wengi. Kwa saratani ya damu aina ya CML, ulizeni kama maabara ya kifua kikuu ina GeneXpert, mashine inayotambua vinasaba vya vimelea vya ugonjwa huo. Mashine hiyohiyo, kwa katriji nyingine, hupima BCR-ABL, jeni yenye hitilafu inayosababisha CML, kwenye damu na kuonyesha kama imatinib, dawa lengwa ya saratani hiyo, inafanya kazi.

Mfadhili akiahidi trastuzumab, msishangilie upesi. HER2 ikitoka 2+, yaani jibu la katikati, si hasi wala chanya, jibu bado halijakamilika. Kinahitajika kipimo cha pili, kwa kawaida FISH, kinachohesabu nakala za jeni ya HER2. Ulizeni nani atakilipia kabla hamjatia saini.