Jibu: Mdogo wangu ana digrii, mbona bado ni konstebo?

Dada wa Uyole, umeuliza kwa nini mdogo wako, mwenye digrii ya sheria, bado ni konstebo, cheo cha chini kabisa cha polisi, miaka minne tangu atoke depo Moshi, kwenye chuo cha polisi. Nilivaa kombati miaka mingi, sasa nalima viazi Isyonje, nakujibu kwa ninayoyajua.

Digrii peke yake haimpi askari cheo. Cheo kinahitaji nafasi, mwenendo safi na kozi. Kutoka konstebo anakwenda koplo, sajenti, stafu sajenti, sajenti meja, ndipo aje mkaguzi msaidizi. Mwenye elimu anaweza kuchaguliwa kozi ya uofisa akaruka ngazi kadhaa, lakini lazima jina lipendekezwe kutoka kituoni kwake kwenda juu.

Hapo ndipo panaponiuma. Kituo kimoja nilichofanyia kazi, vyeti vya vijana vilikaa kwenye droo, havikuingia kwenye majalada yao. Orodha ya kozi ilipokuja, walionekana ni wa kidato cha nne tu. Kijana mmoja mwenye akili sana alilinda benki usiku kwa miaka, wakati ofisi ya upelelezi, pua na mdomo na pale, ililemewa na majalada ya kesi.

Kwa hiyo mwambie aandike barua kupitia mkuu wake wa kituo, aambatishe nakala za vyeti, abaki na nakala yenye muhuri wa kupokelewa. Kisha aombe kuhamishiwa upelelezi. Sheria aliyosoma itaonekana kwenye maelezo ya mashahidi anayoandika. Asiruke ngazi kumfuata RPC, yaani kamanda wa polisi wa mkoa, moja kwa moja. Hilo huhesabiwa utovu wa nidhamu.